Gari dogo likigongana: namna ya kulichagua, kulikagua na kuliendesha

Anayetaka kununua Vitz, Passo, Demio au Honda Fit huambiwa na jamaa zake kwamba anajinunulia jeneza. Muuzaji naye humwambia ni gari la Kijapani, lina eabegi, asiwe na hofu. Wote wawili wamekosea, na kosa lao linarekebishika kwa hesabu kidogo na ukaguzi wa kama saa moja na nusu, mchana kweupe, gari likiwa kavu na limeoshwa.

Tuanze na uzito, maana ndio unaotisha watu.

Magari mawili yakikutana uso kwa uso, jepesi ndilo linalorudishwa nyuma. Chukua Vitz pamoja na dereva wake, jumla kilo 1,000, na Land Cruiser ya kilo 2,600, kila moja ikiwa kwenye kilomita 60 kwa saa. Zikigandana, zitaendelea pamoja upande ilikokuwa ikielekea Land Cruiser, kwa kilomita 27 hivi kwa saa. Dereva wa Land Cruiser ameshuka kutoka 60 hadi 27, tofauti ya 33. Wa Vitz alikuwa anakwenda mbele kwa 60, sasa anakwenda kinyumenyume kwa 27: mwendo wake umebadilika kwa 87, ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde tu au zaidi kidogo. Mabadiliko hayo ya ghafla ndiyo yanayopasua viungo vya ndani. Vitz mbili zikigongana zenyewe kwa zenyewe kwa mwendo uleule, kila dereva anapata 60.

Mwaka 2009 taasisi ya IIHS ya Marekani, inayogharamiwa na kampuni za bima, ililipima jambo hili kwa magari halisi. Iligonganisha Smart Fortwo na Mercedes C-Class, Honda Fit na Accord, Toyota Yaris na Camry, kila gari likiwa na kilomita 64 kwa saa. Vigari vyote vitatu vilikuwa vimepata alama nzuri katika jaribio la kawaida la kugonga kizuizi, lakini vilipokutana na ndugu zao wakubwa vyote vikapata alama ya chini kabisa. Sababu ni kwamba jaribio la kizuizi ni sawa na kugongana na gari la uzito wako mwenyewe. Kwa hiyo nyota 5 za kigari, yaani alama ya juu ya majaribio ya ajali, si nyota 5 za gari la tani mbili. Linganisha nyota za wanaolingana uzito tu.

Ila uzito una mpaka wake, na hapa ndipo wanaokimbilia gari kubwa hujidanganya. Lori lenye trela katika nchi za Afrika Mashariki linaruhusiwa kufika tani 56. Likikutana uso kwa uso na Vitz ya tani moja, wote wakiwa kwenye 80, mwendo wa Vitz unabadilika kwa kilomita 157 kwa saa. Badala yake weka gari la tani mbili na nusu: 153. Tofauti hiyo ndogo haimponyi mtu. Mbele ya lori na basi kubwa sote tuko kwenye vigari vidogo, na kinachookoa ni kutokuwepo pale.

Ukigonga mti, nguzo au kingo za daraja, uzito una kazi ndogo. Hapo linaamua umbo: pua ya gari ijikunje kama akodiani na kula nguvu ya mgongano, huku kizimba wanamokaa watu kikibaki na umbo lake. Na ukubwa hauhakikishi hilo. Mwaka 2018 Global NCAP, shirika linalopima usalama wa magari, ilipima Nissan NP300 Hardbody, pikapu iliyokuwa ikiuzwa mpya Afrika, ikapata nyota sifuri. Kizimba chake kilikunjika. Mwaka mmoja nyuma, 2017, mradi wa shirika hilohilo wa kupima magari ya Afrika uliipa Toyota Etios, gari dogo, nyota 4 na Chery QQ3, dogo pia, sifuri.

Chagua kizazi kabla ya rangi

Kitu kimoja kinachofaa kukuongoza ni mwaka ambao modeli ilichorwa upya. Vitz ya kwanza ilitoka 1999, ya pili 2005, ya tatu mwishoni mwa 2010. Vitz ya 2004 na ya 2006 hupishana bei kidogo sokoni, lakini ni magari mawili tofauti chini ya bati: ya pili ni nzito zaidi na kizimba chake ni imara zaidi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, kwa hiyo hizo za zamani utazikuta tu zilizokwishaingia. Tanzania haina ukomo wa namna hiyo, hutoza ushuru wa ziada kwa magari makongwe, ndiyo maana bado unakutana na kigari cha miaka ishirini kikiuzwa kama "ndiyo kwanza kimeshuka bandarini".

Tahadhari kuhusu nyota za intaneti. Yaris iliyopimwa Ulaya mwaka 2005 ilipata nyota 5, na Yaris ni ndugu wa Vitz. Lakini Vitz za soko la Japani za miaka hiyo, hasa za daraja la chini, nyingi zilitoka na mifuko ya hewa (eabegi) miwili tu ya mbele, ile ya pembeni na ya pazia ikiwa ya kulipia zaidi. Usihesabu nyota, hesabu mifuko. Tafuta maandishi SRS AIRBAG kwenye usukani, kwenye dashibodi mbele ya abiria, kwenye ubavu wa kiti upande wa mlango, na juu kwenye nguzo karibu na dari. Pasipo na maandishi hayo, mara nyingi hakuna mfuko.

Kitu cha pili cha kutafuta ni mfumo wa kuzuia gari kuteleza. Toyota huuita VSC, Honda VSA, Nissan VDC, Mazda DSC, Suzuki ESP. Huikamata breki ya gurudumu mojamoja gari linapoanza kuserereka, na kwa gari jepesi lenye tairi nyembamba kwenye mvua ya masika huo ni msaada mkubwa. Japani ilianza kuulazimisha kwa modeli mpya mwaka 2012. Washa swichi bila kuwasha injini: taa yenye picha ya gari na alama za kuserereka iwake, kisha izime. Isipowaka kabisa, gari halina mfumo huo au mtu ameing'oa taa.

Magari ya kei, yale yenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 660 na namba za njano kwao Japani, yanastahili neno lake. Sheria ya kule iliyaongezea vipimo mwaka 1998 hadi urefu wa mita 3.4 na upana wa mita 1.48, na nafasi hiyo ya ziada ilikuwa ya kukidhi masharti mapya ya kugongana. Ya kabla ya hapo yaache. Alto au Wagon R ya karibuni kwa safari za mjini inatosha. Kirikuu, yaani Suzuki Carry na wenzake, ni jambo jingine: dereva amekaa juu ya ekseli ya mbele na magoti yake yako hatua moja tu kutoka kwenye bampa. Kirikuu kibebe mzigo sokoni, kisibebe familia kwenda mkoani.

Ukaguzi: limewahi kugongwa?

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Gari dogo lina sentimita chache za kujikunja. Chesisi zake za mbele zikishakunjwa mara moja, zikanyooshwa kwa moto na kuchomelewa, chuma kilichopashwa hakirudi kwenye ugumu wake wa kiwandani. Ajali ya pili itakunja mahali pasipotakiwa, na mara nyingi mahali hapo ni miguuni pa dereva.

Kama gari limetoka mnadani Japani, dai karatasi ya mnada kabla ya kulipa. Daraja 4 au 4.5 ni gari safi, 3.5 limetumika sana. R au RA maana yake limegongwa na kutengenezwa. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U kishimo, W sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, S kutu, XX kipande kilichobadilishwa. XX kwenye mlango si neno. R ndiyo inayokuambia kwamba mifupa imeguswa.

Karatasi isipopatikana, chukua tochi, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa chepesi, na kitambaa cha kufutia, halafu fuata mpangilio huu:

1. Fungua boneti, tazama bolti za fenda na za bawaba. Bolti ya kiwandani ina rangi isiyovunjika kwenye kona zake. Iliyochubuka imefunguliwa. Fenda moja iliyofunguliwa yaweza kuwa mkwaruzo tu, lakini ikiwa fenda, boneti na taa zote zimefunguliwa, pua ilibadilishwa.

2. Tazama fremu ya rejeta na chesisi mbili zinazopita kushoto na kulia kwa injini. Kiwandani vipande hushikanishwa kwa nukta za mviringo, ndogo, zilizopangwa kwa nafasi sawa. Weldi ya fundi huwa na uvimbe, au imesuguliwa na kuacha mistari ya grainda. Pima kwa jicho pande mbili: mikunjo ya chesisi ya kushoto ifanane na ya kulia. Rangi mpya kabisa mahali ambapo kote kuna vumbi la miaka kumi ni ushahidi.

3. Ng'oa taratibu raba ya mlango kwenye nguzo ya mbele na ya kati. Chini yake nukta za kiwandani lazima zionekane mfululizo. Zikikatika ghafla na kuanza ukingo laini wa puti, nguzo imekatwa. Fanya hivyo milango yote minne, kisha inua zulia karibu na kizingiti: magari mawili nusunusu yaliyounganishwa kuwa moja hukatwa mara nyingi kwenye nguzo na kizingiti. Gari la namna hiyo usilijadili bei, ondoka.

4. Nyuma, toa tairi la akiba. Sakafu yake iwe na mikunjo safi na silanti (gundi ya kuziba maungio) iliyonyooka. Silanti iliyopakwa kwa kidole, au sakafu yenye mawimbi, ina maana gari lilikandamizwa kutoka nyuma. Kwa kigari ambacho kichwa cha abiria wa nyuma kiko sentimita chache kutoka kwenye kioo, hilo ni kubwa.

5. Pitisha sumaku milangoni, juu ya magurudumu na kwenye vizingiti. Inaposhika kidogo au kuanguka, chini kuna puti nene. Ukipata kipimo cha unene wa rangi ni bora zaidi: ya kiwandani huwa kati ya mikroni 80 na 180 hivi, mia mbili mpaka mia tatu ni rangi ya kurudia, elfu na zaidi ni puti.

6. Ingia chini. Kutu ya juujuu kwenye ekzosi ni kawaida. Kutu inayotoboka kwa bisibisi kwenye vizingiti, chesisi au mashikio ya saspensheni inakataza ununuzi. Magari kutoka Hokkaido, Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na yaliyokaa pwani miaka mingi, yachunguze mara mbili.

Mifuko ya hewa na mikanda

Washa swichi bila injini. Taa ya SRS, yaani ya mfumo wa mifuko ya hewa, iwake sekunde 6 hivi, izime, na isirudi. Ikibaki imewaka, mfumo una hitilafu na huenda mifuko isifunguke. Isipowaka hata kidogo, kuna uwezekano mkubwa kwamba gari liligongwa, mifuko ikafunguka, na mtu akang'oa taa au akaiunganisha na waya wa taa nyingine ili zizime pamoja. Wajanja zaidi huweka rezista mahali pa mfuko ili kompyuta idhani upo. Dalili zake ni kifuniko cha usukani kisicholingana rangi na usukani wenyewe, au dashibodi iliyoshonwa ama kupakwa upya mbele ya abiria. Lipeleke gari kwa fundi mwenye mashine inayosoma SRS. Kile kidude cha bei rahisi cha kuchomeka chini ya usukani husoma injini tu. Ikiwa taa imewaka na honi nayo hailii, anza na utepe wa waya unaojizungusha nyuma ya usukani. Hukatika kwa uzee, na hubadilika bila kugusa kitu kingine.

Kuna hatari nyingine ambayo haiwashi taa yoyote. Mifuko iliyotengenezwa na Takata, karibu milioni 100 duniani, iliitwa irudishwe kwa sababu baruti yake ya amonia naitreti huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na ikilipuka hupasua chombo chake cha chuma na kurusha vipande usoni. Joto na unyevu: hiyo ndiyo Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam. Vitz ya kizazi cha pili na Honda Fit ni miongoni mwa zilizohusika. Chukua namba ya chesisi, mfano wake ni KSP90 ikifuatiwa na tarakimu saba, uiingize kwenye ukurasa wa Kijapani wa mtengenezaji wa kutafuta magari yaliyoitwa. Tumia mfasiri wa simu. Gari likiwa kwenye orodha na mfuko haukubadilishwa, muulize wakala wa chapa hiyo nchini mwako, na mpaka libadilishwe usimkalishe mtu mbele ya mfuko wenye kasoro pasipo ulazima.

Mkanda ndio kazi, mfuko ni msaidizi wake. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, mkanda hupunguza hatari ya kufa kwa waliokaa mbele kwa hadi asilimia 50. Vuta kila mkanda mpaka mwisho: usiwe na nyuzi zilizotoka, wala rangi iliyopaushwa na jua, wala kuchomwa na sigara. Uvute kwa ghafla, lazima ujifunge. Uachie, lazima urudi wote wenyewe. Mkanda wa mbele uliokwama nusu, au ambao kifungio chake kiko chini kuliko cha jirani, umeshafyatuka katika ajali. Mkanda wa kati nyuma katika vigari vingi vya zamani ni wa kiunoni tu. Mkalishe hapo mtu wa mwisho.

Vitu usivyopaswa kuviweka

Ngao ya chuma mbele ya Vitz hushikwa kwenye ncha za chesisi, kwa hiyo nguvu ya mgongano hupita moja kwa moja bila pua kujikunja, na vitambuzi vya mfuko hupata ishara isiyo sahihi. Kuinua gari kwa spesa ili lipite kwenye matuta huinua kitovu cha uzito na kubadilisha lilivyopangwa kupinda. Kama lazima, sentimita mbili mpaka tatu, si zaidi. Kava za viti zilizoshonwa kuzunguka kiti chote huziba mfuko wa pembeni. Mapambo na manyoya juu ya dashibodi hugeuka risasi. Mtungi wa gesi wa kilo 20 kwenye kiti cha nyuma, gari likisimama kutoka 50 kwa sehemu ya kumi ya sekunde, husukuma mgongo wa kiti cha mbele kama mzigo wa zaidi ya kilo 280. Mzigo mzito ukae sakafuni kwenye buti, umekazwa.

Tairi nazo. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likipita miaka sita liangalie kwa makini, likipita kumi litupe hata kama kashata zake bado nene. Na likiandikwa STUDLESS, ni tairi la theluji lililokuja na gari. Mpira wake ni laini, na kwenye lami ya moto na maji hukawia kusimamisha gari. Watu huyauza kama "tairi za Japani kabisa". Waachie.

Ukaaji

Kati ya kifua chako na kitovu cha usukani pawe na sentimita 25 angalau. Watu wafupi husogea mpaka wanaukumbatia usukani. Heri kuinua kiti na kulaza mgongo kidogo. Kiegemeo cha kichwa kifike usawa wa utosi. Utepe wa chini wa mkanda upite kwenye mifupa ya nyonga, chini ya tumbo, na kwa mjamzito hivyohivyo. Mtoto mchanga kwenye kiti chake kinachotazama nyuma asiwekwe mbele penye mfuko wa hewa kamwe, hata kama safari ni ya kwenda dukani.

Barabarani

Jaribio la miaka mingi la Ulaya lilifanyika kwa kilomita 64. Kwenye 100 nishati ya mgongano ni mara 2.4 ya hiyo. Nyota za kigari hazikupimwa kwa ajali ya mwendo huo.

Kulipita lori ndiko kunakoua. Lori la mita 18 likienda 60, nawe ukilipita kwa 80, ukiacha mita 20 nyuma na 20 mbele, unahitaji sekunde 11. Katika muda huo utakwenda mita 250, na anayekuja kwa 80 vivyo hivyo. Hivyo unahitaji nusu kilomita ya barabara iliyo wazi, na Vitz ya injini ya lita moja yenye watu wanne na kiyoyozi inahitaji zaidi, maana haifiki hiyo 80 upesi. Zima kiyoyozi, shusha gia, na usianze kama huoni mbali kiasi hicho.

Usiku, hofia lori lililoharibika bila taa, lenye matawi mawili tu barabarani. Boneti ya kigari hupita chini ya bodi lake, bampa haligusi kitu cha kujikunjia, na kinachogonga ni kioo na nguzo. Kwenye 80, kutoka kuona hadi kusimama ni mita 70 hivi. Taa za chini za kawaida hazifiki huko. Kwenye 60 ni 45. Basi 60 ndiyo kasi ya usiku ya taa za chini, na vioo vya taa vilivyogeuka njano vishushe kasi zaidi au visuguliwe.

Baada ya kugongwa

Badilisha kila mkanda uliokuwa umefungwa na mtu gari lilipogongwa kwa nguvu, kiti cha mtoto kilichokuwemo, na kompyuta ya SRS ikiwa mifuko ilifunguka. Mfuko wa hewa wa gari lililokatwakatwa kwa ajili ya spea usiununue: hujui umri wake, hujui kama uko kwenye orodha ya Takata, na hakuna anayeweza kuujaribu bila kuulipua. Chesisi iliyopinda inyooshwe kwa mashine ya kuvuta bila moto na kupimwa kwa vipimo vya mtengenezaji kona kwa kona. Fundi akikuambia atainyoosha kwa gesi na nyundo, peleka gari kwingine au liuze kwa vipande.